Barua ya kampuni ya gesi ikikufikia Pennsylvania: mwongozo kwa mwenye kisima cha maji

Ukinunua nyumba nje ya Pittsburgh, upande wa kaunti za Washington, Greene, Butler au Westmoreland, yapo mambo mawili ambayo dalali huyapitia haraka haraka. La kwanza ni maji. Huko vijijini nyumba nyingi zinakunywa maji ya visima vyao wenyewe, na jimbo la Pennsylvania halisimamii visima vya watu binafsi. Watu kama milioni 3 wanaishi hivyo, na hakuna afisa wa kuja kuwapimia. La pili ni kilichoko chini. Kiasi cha kilomita mbili kwenda chini kuna mwamba tope unaoitwa Marcellus, umejaa gesi, na gesi hiyo inaweza kuwa mali ya mtu mwingine kabisa hata kama hati ya ardhi ina jina lako.

Mimi kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji kwa ajili ya maabara. Nazunguka na makasha ya barafu nyuma ya gari, nabisha hodi kwa watu. Zamani nilikuwa nakuta wazee wa Kimarekani tu. Siku hizi nakuta na wenzetu: manesi kutoka Kenya, madereva wa malori kutoka Tanzania, familia za Kikongo zilizokaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Wamekimbilia vijijini kwa sababu bei ya nyumba za mjini haishikiki. Wengi hawajui kabisa sheria ya gesi inawapa nini, kwa hiyo nawaandikia wao. Walioko nyumbani wanaweza kusoma pia, ila wasichanganye: gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inatoka kwenye miamba yenye vinyweleo, ukiitoboa inapanda yenyewe. Hii ya mwamba tope haitoki mpaka mwamba upasuliwe kwa maji, mchanga na kemikali kwa shinikizo kubwa, ndiyo hiyo frakingi. Kisima kimoja hutumia mamilioni ya lita.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sheria ya Pennsylvania si tupu kama wanaharakati wanavyosema, wala haitoshi kama kampuni zinavyosema. Lakini inamlinda mwenye karatasi. Ukiwa na kipimo cha maji cha kabla ya mtambo kufika, sheria inasimama upande wako. Bila hicho una malalamiko tu.

Hatari iko wapi hasa

Watu wengi wanaogopa kwamba mwamba ukipasuliwa kule chini, kemikali zitapanda hadi kisimani. Katika kilomita mbili za mwamba hilo ni gumu kutokea. Matatizo niliyoyaona yakithibitishwa yanaanzia karibu zaidi na miguu yetu. Kisima cha gesi kinapita katikati ya maji yetu ya ardhini kikielekea chini, na kinachoyatenga maji na gesi ni mabomba ya chuma yaliyozungushiwa saruji. Ndiyo maana kanuni za jimbo zinataka bomba la juu lishuke kama futi 50 chini ya maji ya mwisho yasiyo ya chumvi, na saruji iachwe ishike kabla ya kuendelea. Saruji ikiwa mbovu, methani inapanda pembeni ya bomba hadi kwenye maji ya watu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Dimock, kaskazini-mashariki mwa jimbo. Siku ya mwaka mpya wa 2009 kisima cha maji cha mkazi mmoja kililipuka kwa methani iliyojikusanya. Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo, ambayo kila mtu huku anaiita DEP, iliizuia kampuni ya Cabot kuchimba visima vipya katika eneo la maili 9 za mraba. Kesi ya jinai ilikuja kumalizika Novemba 2022, kampuni iliyorithi Cabot ilipokubali hukumu bila kukiri kosa, na kukubali kugharamia bomba la maji ya umma. Hesabu mwenyewe miaka mingapi watu wale walikuwa wakinunua maji ya chupa.

Hatari ya pili ni maji machafu yanayorudi juu. Yana chumvi kupita ya bahari, yana bariamu na strontiamu, na radiamu kidogo inayotoka kwenye mwamba wenyewe. Hayo ndiyo yanayobebwa na malori unayoyaona usiku, na yanaweza kumwagika wakati wa kupakia, au barabarani. Kanuni za 2016 zilipiga marufuku kuhifadhi taka hizo kwenye madimbwi ya wazi pale eneo la kisima. Ni hatua nzuri, ingawa malori bado yapo.

Ya tatu ni hewa: moshi wa mitambo ya dizeli, mivuke ya matenki, vumbi la mchanga. Hapa kipimo cha maji hakikusaidii kitu. Nitairudia.

Barua ya rejista

Kampuni inapoomba kibali cha kuchimba, sheria inayoitwa Act 13, ya mwaka 2012, inaitaka itume barua ya rejista yenye ramani kwa kila mwenye maji aliye ndani ya futi 3,000 kutoka kwenye kisima cha gesi, yaani mita 900 na kitu. Mama mmoja wa Uvira nilimkuta ameiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na kuponi za piza. "Kaka, nilidhani ni watu wa bima," akaniambia. Hakuwa peke yake. Bahasha yenyewe inafanana kabisa na matangazo.

Ifungue. Usianze kuhangaika na Kiingereza cha kisheria, nenda moja kwa moja kwenye ramani. Tafuta alama ya kisima na jina la shamba, halafu fungua ramani ya simu yako na upime umbali kutoka alama ile hadi kisima chako cha maji. Andika namba hiyo juu ya barua, kwa sababu haki zako zinabadilika kulingana nayo.

Chini ya futi 500 kutoka nyumba yako au kisima chako cha maji, hawaruhusiwi kuchimba kwa kawaida bila ridhaa yako ya maandishi. Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya kurasa mbili na hundi ndogo, akasema ni utaratibu tu, isome kwanza. Pengine ndiyo ridhaa yenyewe.

Chini ya futi 2,500, maji yako yakiharibika ndani ya miezi 12 tangu kisima kuchimbwa au kupasuliwa, sheria inachukulia kwamba kampuni ndiyo iliyoharibu. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wao. Hii ndiyo silaha kubwa kuliko zote uliyonayo, na nitaeleza inavyopotea.

Jambo moja linawashangaza watu: umbali unapimwa kutoka lile shimo la wima. Kisima kikifika chini kinakata kona na kwenda mlalo maili moja, mbili, au zaidi. Kinaweza kupita chini ya chumba chako cha kulala, na wewe ukahesabika uko mbali.

Kama hujapata barua lakini unaona barabara mpya ya changarawe inaingia kwa jirani, jiandikishe kwenye mfumo wa DEP wa eNOTICE. Unachagua kaunti au mji wako, nao wanakutumia barua pepe kila ombi la kibali linapoingia. Ni bure.

Sampuli ya kabla

Kampuni itataka kutuma mtu apime maji yako kabla ya kuchimba. Wengi wanakataa. Wanafikiri wakimfungia mlango wanajilinda. Kinyume chake: ukikataa kuwaruhusu wapime, ule upendeleo wa futi 2,500 unaweza kukuponyoka, kwa sababu sheria inaipa kampuni utetezi huo. Mruhusu, na udai nakala ya majibu. Wanatakiwa kukupa.

Halafu, kama mfuko unaruhusu, pima na wewe kwa maabara iliyoidhinishwa na DEP, na mchukuaji awe mtu wa tatu. Chupa uliyojaza mwenyewe jikoni inaweza kukusaidia kujua hali ya maji, lakini mbele ya hakimu mwanasheria wa upande wa pili ataimaliza kwa swali moja: nani aliishika tangu hapo hadi maabara? Fomu ya makabidhiano, yenye saini na saa ya kila aliyeishika, ndiyo inayojibu swali hilo.

Hata kama si wewe unayechukua, jua kazi inavyofanywa ili ujue kama mtu aliyetumwa anajua anachokifanya. Hatakiwi kuchukua maji kwenye bomba la sinki la jikoni. Anashuka chini ya nyumba, anatafuta tenki la shinikizo, anachukua kabla maji hayajapita kwenye mashine ya kulainisha maji au chujio lolote, kwa sababu mashine hizo zinaondoa vitu na kuongeza chumvi. Anafungulia maji yatiririke muda mrefu huku akisoma joto na uwezo wa maji kupitisha umeme, mpaka namba zitulie. Hapo ndipo maji yanakuwa ya kisima chenyewe, wala si yaliyolala kwenye mabomba.

Methani ndiyo inayomtofautisha fundi na mbabaishaji. Mimi nazamisha mpira wa maji ndani ya ndoo, maji yanajaa na kufurika, halafu kichupa cha kioo cha mililita 40 nakijaza kikiwa chini ya maji na kukifunga humo humo. Nikikitoa nakipindua kichwa chini na kukigonga kwa kidole. Kiputo kikionekana, hata cha ukubwa wa kichwa cha pini, namwaga naanza upya, kwa sababu gesi iliyokuwa ndani ya maji imehamia kwenye kiputo na maabara itasoma pungufu. Ukimwona mtu anakinga kichupa chini ya bomba linalorusha maji kisha anafunika na kuondoka, mwambie arudie. Una haki ya kusimama pale na kumpiga picha.

Waombe wapime nini? Methani, ethani na propani, kloridi na bromidi, bariamu na strontiamu, sodiamu, jumla ya chumvi zilizoyeyuka, chuma na manganizi, benzini na ndugu zake, na bakteria, kwa faida yako tu. Kifurushi kizima kinagharimu mamia ya dola. Pesa ikiwa ndogo, usiache methani, ethani, kloridi, bariamu na jumla ya chumvi.

Majibu yakija usishtuke ukikuta methani ipo. Huku kuna makaa ya mawe na gesi ya asili ardhini, na visima vingi vina kidogo tangu zamani. Miligramu 7 kwa lita ndiyo namba inayoifanya DEP ianze kuangalia kwa karibu. Kuanzia 10 fuatilia mara kwa mara. Ikifika 28 maji hayawezi tena kuishikilia gesi, inatoka hewani, na methani hewani kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka ikipata cheche. Kumbuka methani ya kisimani haina harufu. Ile harufu ya gesi ya jiko huwekwa kiwandani makusudi. Dalili zake ni maji meupe kama yametiwa maziwa kisha yanaanza kung'aa kutoka chini, au bomba linalotema mate mate. Ukiona hivyo, hakikisha mfuniko wa kisima una tundu la kupumulia, na usiwashe kiberiti chini ya nyumba.

Ethani nimeitaja kwa sababu maalumu. Gesi ya vinamasi na ya taka zilizooza ina methani lakini karibu haina ethani. Gesi ya kina kirefu huja na ethani. Kama kabla hukuwa na ethani na baada ya kuchimba unayo, una ushahidi mzito mkononi.

Mkataba

Hapa nitapita upesi, maana ni kazi ya mwanasheria. Kwanza nenda ofisi ya hati ya kaunti ukaangalie kama gesi ni yako. Upande huu haki za makaa na gesi ziliuzwa kando na ardhi tangu enzi za mababu wa wenyeji, na huenda huna cha kusaini. Kama ni yako, sheria ya jimbo inasema mrabaha, yaani fungu lako la mapato ya gesi, usipungue sehemu moja ya nane, asilimia 12.5. Lakini mahakama ya juu ya jimbo iliamua mwaka 2010 kwamba kampuni inaweza kukata gharama za kusafirisha na kusafisha gesi kabla ya kukulipa, isipokuwa mkataba ukataze. Wapo wanaopata hundi ya kununulia soda.

Vipengele vitatu ningevidai kabla ya kuongelea pesa: wasiguse uso wa ardhi yangu, yaani mtambo, barabara na bomba vikae kwingine; wapime maji yangu kabla na baada, kwa gharama yao; na gharama zisikatwe kwenye mrabaha. Wakala akikwambia mkataba ni ule ule kwa kila mtu na haubadiliki, mwambie utausaini wiki ijayo ukishamwonyesha mwanasheria. Utashangaa unavyobadilika.

Kikao cha mji

Act 13 ilipopita ilitaka kuzinyang'anya serikali za mitaa uwezo wa kupanga gesi ichimbwe wapi. Miji kadhaa, ikiongozwa na Robinson, ikaenda mahakamani, na Desemba 2013 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta sehemu hiyo. Majaji watatu kati ya wanne walioamua hivyo waliegemea ibara ya katiba ya Pennsylvania inayompa kila mtu haki ya hewa safi na maji safi. Kwa hiyo leo bodi ya mji wako ina la kusema, na mara nyingi kampuni lazima ipite mbele yake katika kikao cha hadhara.

Nenda. Vaa vizuri, fika mapema, jiandikishe. Ukipewa nafasi, taja jina, anwani, na umbali wako kutoka kisima kwa futi, halafu omba uandikwe kuwa mmoja wa wahusika wa shauri. Neno hilo ndilo linalokupa haki ya kukata rufaa, na muda wake ni siku 30. Aliyeinuka akalalamika tu na kuketi, bodi humsikiliza kwa heshima na hapo ndipo habari yake inapoishia.

Usipoteze dakika zako kusema gesi ni mbaya. Bodi haina uwezo wa kupiga gesi marufuku, ila ina uwezo wa kuweka masharti, basi omba masharti: saa za malori kupita, hasa wakati basi la shule linachukua watoto, ukuta wa kuzuia kelele, taa zielekezwe chini, vipima hewa kwenye mpaka wa eneo, majibu yake yawekwe wazi, na umbali mkubwa kuliko wa jimbo. Kwenye umbali una hoja nzito mkononi. Baraza kuu la mahakama, yaani raia walioitwa kuchunguza makosa, lililoongozwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu Josh Shapiro, ambaye sasa ndiye gavana, lilipendekeza Juni 2020 futi 500 ziwe 2,500. Novemba 2023 kampuni ya CNX ilikubaliana na gavana huyo huyo kukaa futi 600 kutoka nyumba na 2,500 kutoka shule na hospitali. Uliza kampuni iliyo mbele yako kwa nini yenyewe haiwezi.

Na hapa ndipo afya inapoingia. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilitoa matokeo ya utafiti uliolipiwa na jimbo katika kaunti nane za upande wetu. Wenye pumu waliokuwa wakiishi karibu na visima vinavyotoa gesi walikuwa na uwezekano mara nne hadi tano wa kuzidiwa. Watoto walioishi ndani ya maili moja ya kisima walikuwa na uwezekano mara tano hadi saba wa kupata saratani ya limfu, wakilinganishwa na wasio na kisima ndani ya maili tano. Saratani ya damu, ya ubongo na ya mifupa hazikuonyesha uhusiano, na ukisimama kikaoni useme hilo pia, usichague unayoyapenda tu. Saratani ya limfu kwa watoto ni adimu, kwa hiyo mara saba ya adimu bado ni watoto wachache. Pumu ni ya wengi. Mwenye mtoto wa pumu aandike daftari: tarehe, saa, upepo ulikotoka, harufu, pampu imetumika mara ngapi. Alipeleke kwa daktari na aombe liingizwe kwenye faili la mgonjwa.

Maji yakibadilika

Acha kuyanywa, piga picha na video, kisha wasiliana na DEP, kwa simu na kwa maandishi siku ile ile. Kwa mujibu wa Act 13 wanatakiwa kuanza uchunguzi ndani ya siku 10 na kutoa uamuzi ndani ya siku 45. Taja umbali wako na tarehe ambayo kazi ilifanyika, utaje na kwamba unayo sampuli ya kabla. Dai uamuzi kwa barua. Jibu la simu, "tumeangalia, hakuna tatizo," halikatiwi rufaa. Barua inakatiwa, mbele ya Bodi ya Rufaa za Mazingira, na hiyo pia ni siku 30. Kama uko ndani ya futi 2,500 na ndani ya miezi 12, na huna chanzo kingine cha maji, kampuni inatakiwa pia kukuletea maji ya muda wakati uchunguzi unaendelea. Omba kwa maandishi, wasipoombwa watanyamaza.

Kuhusu hiyo miezi 12: eneo moja linaweza kuwa na visima sita au kumi, na saa inahesabiwa kwa kila kisima tangu kazi yake ya mwisho, iwe kuchimba, kupasua au kukirekebisha. Tarehe zinapatikana kwenye kumbukumbu za DEP mtandaoni kwa namba ya kibali, ile ile iliyoandikwa kwenye barua ya rejista. Miezi ikipita kampuni bado inawajibika ikiharibu maji, ila mzigo wa kuthibitisha unakurudia wewe. Kwa hiyo rudia vipimo vile vile, kwenye tenki lile lile, kabla mwaka haujaisha. Majibu ya maabara huchukua wiki kadhaa, na sisi wachukuaji ni wachache, kwa hiyo piga simu ya miadi mwezi wa tisa au wa kumi tangu kazi ya mwisho.